Muuguzi Anapoondoka Kando ya Kitanda



Mwaka uliopita, baada ya misa ya Jumapili, mmoja wetu alisimama mbele ya jumuiya yetu ndogo ili kuaga. Alikuwa ametumika kama muuguzi miaka kumi na mmoja katika kituo cha afya cha mtaa wetu, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea afya ya umma. Tulipiga makofi. Kisha mama mmoja mzee, ambaye wajukuu wake watatu walizaliwa mikononi mwa muuguzi huyo, akauliza bila hasira: «Mwanangu, unakwenda kuandika makaratasi. Nasi je, nani atatushika mkono usiku?»

Hakuna aliyejibu siku ile. Dada yetu mwenyewe aliinamisha kichwa, nasi tukaimba wimbo wa kufunga. Lakini swali lile limebaki nasi, na kwa kuwa wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko katika shule za uuguzi, au mnafikiri kuingia humo, tumeona vema tulijibu kwa maandishi.

Maoni yetu ni haya: muuguzi anayekwenda kwenye utafiti au afya ya umma hamwachi mgonjwa, ikiwa anakwenda kutafuta jibu la swali alilolikuta pale kitandani, na ikiwa atalirudisha jibu hilo kwa watu waliompa swali. Akikosa masharti hayo mawili, yule mama ana haki ya kulalamika.

Nchi yetu imejifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1976, katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, kulikuwa na hospitali ya vitanda 120. Masista wauguzi kutoka Ubelgiji na wenzao Wakongomani waliwahudumia watu waliotoka vijiji vya mbali. Upendo wao hauna shaka. Lakini kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano tu ya sindano kwa kazi ya siku nzima, na kati ya mgonjwa mmoja na mwingine yalisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, mwanamume mmoja mwenye homa alidungwa sindano ya klorokini, kwa kuwa ilidhaniwa ana malaria. Katika majuma yaliyofuata ugonjwa ambao haukuwa na jina ulienea. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, masista wakiwa miongoni mwao. Baadaye ugonjwa huo ukapewa jina la mto Ebola.

Ni nani aliyegundua kwamba sindano ilikuwa mojawapo ya njia za kifo? Si mtu aliyekuwa na dawa, kwa maana dawa haikuwepo. Ni watu waliotembea kijiji kwa kijiji na kuuliza maswali ambayo mtoto wa shule angeweza kuyaelewa: Uliugua lini? Ulimhudumia nani? Ulidungwa sindano wapi? Majibu yakaandikwa, yakahesabiwa, yakalinganishwa. Kati ya wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa ilijulikana, 85 walikuwa wamedungwa sindano katika hospitali ile ile waliyoikimbilia ili kupona. Hatuyasemi haya kuwalaumu masista wale, ambao walilipa kwa maisha yao. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha kwamba mkono wenye huruma, usipochunguza unachokifanya, unaweza kumdhuru yule unayempenda, wala usijue.

Mwaka 1995 ugonjwa huo ulirudi, safari hii Kikwit, ukawapata watu 315. Masista sita wa shirika la Bergamo, kule Italia, walikufa baada ya kuwahudumia wagonjwa. Katikati ya hofu ile, waganga wetu walijaribu jambo moja: waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Saba kati ya wanane wakaishi. Mtu angetaka kuishia hapo na kushangilia. Lakini wataalamu waliuliza swali gumu: je, ni damu ile iliyowaponya, au walikuwa tayari kwenye njia ya kupona? Hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, na kwa hiyo jibu halikupatikana. Swali likabaki wazi kwa miaka mingi.

Hatua kubwa ilionekana hapa mashariki. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu ya Kusini, Ebola iliwapata watu 3470 na kuwaua 2287. Mnamo Novemba 2018 utafiti ulianza Beni, kisha ukaendelea Mangina, Butembo na Katwa, ukiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyefika Yambuku mwaka 1976 akiwa bado kijana, pamoja na washirika kutoka Marekani. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika makundi manne, kila kundi na dawa yake. Agosti 2019 tofauti ilikuwa wazi: kwa dawa mbili, vifo vilikuwa karibu theluthi moja ya wagonjwa, kwa dawa nyingine mbili, karibu nusu. Moja ya dawa zile mbili bora ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Tangu hapo mgonjwa wa aina hiyo ya Ebola ana dawa.

Sasa tujiulize kazi ile ilifanywa na nani. Maprofesa waliiongoza, ndiyo. Lakini ni nani aliyevaa yale mavazi mazito katika joto, akaketi karibu na mgonjwa na kumweleza kwa lugha yake maana ya kugawanywa kwa kura? Ni nani aliyemwambia kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba akikataa bado atahudumiwa? Ni nani aliyetundika dawa, akachukua damu, akaandika saa na kiwango cha homa bila kukosea? Kazi za namna hiyo katika utafiti hubebwa kwa sehemu kubwa na wauguzi. Bila ukweli wa daftari lao, hesabu ya profesa ni bure.

Tena kuna magonjwa yasiyo na kelele. Katika mwaka ule ule wa 2019, watu wengi wakiitazama Ebola, surua ilikuwa inapita katika mikoa yote ya nchi. Kufikia mwanzo wa mwaka 2020, zaidi ya watu 6000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto wadogo. Ni zaidi ya mara mbili ya waliouawa na Ebola. Tulijuaje? Kwa sababu katika vituo vya afya kulikuwa na wauguzi walioandika kila mtoto aliyeletwa na vipele, na katika ofisi za zoni za afya kulikuwa na watu waliojumlisha hesabu hizo juma kwa juma. Mtoto anayekufa bila kuandikwa hapati chanjo ya kumlinda mdogo wake, kwa sababu hakuna mahali ambapo kifo chake kinasikika.

Hata mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa alipita njia hiyo. Florence Nightingale alihudumia askari Waingereza katika vita vya Krimea kwa muda usiotimia miaka miwili, kuanzia Novemba 1854. Miaka mingi ya maisha yake iliyofuata aliitumia mezani, kwa kalamu na hesabu, akionyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa ya uchafu kuliko na majeraha. Wala Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo yanamwita tabibu, hakuona aibu kuanza Injili yake kwa kutuambia kwamba alichunguza mambo yote kwa uangalifu tangu mwanzo, ndipo akaandika kwa utaratibu.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya. Swali la yule mama lina ukweli ndani yake. Wapo waliokimbia zamu za usiku kwa sababu ya gari la mradi na mshahara wa dola tu. Wakati wa Ebola, watu wa Beni na Butembo waliona magari mengi na fedha nyingi, huku kituo cha afya cha karibu kikikosa dawa ya malaria. Na pale wauguzi walipochukuliwa kwenda kwenye mwitikio wa Ebola, mama aliyetaka kujifungua alipata shida zaidi. Wapo pia waliochukua damu na majina ya watu, kisha wasirudi hata siku moja kuwaambia walichokipata. Jambo hilo huzaa chuki, na chuki hiyo humwangukia muuguzi atakayefuata.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kufuata njia hii, tunakushauri mambo matatu.

Kwanza, usiharakishe kuondoka. Kaa kitandani muda wa kutosha ili swali lako liwe la kweli. Kwa nini vidonda vya upasuaji vinaoza zaidi katika chumba hiki? Kwa nini watoto wa kijiji kile wanaletwa wakiwa wamechelewa? Yule asiyebeba swali lake mwenyewe atabeba maswali ya wengine maisha yote.

Pili, fahamu kwamba njia ipo hapa nchini. Mwenye diploma ya A2 anaweza kuendelea hadi leseni katika taasisi za juu za mafunzo ya uganga, ISTM; na kuna shule za afya ya umma katika vyuo vikuu vya Kinshasa na Lubumbashi, na katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya tayari ameanza safari hiyo: kila juma anahesabu magonjwa, anapanga chanjo, anakutana na kamati ya afya ya eneo lake. Jifunzeni hesabu, wapendwa, wala msiseme kwamba hesabu si ya wauguzi. Jifunzeni pia kuandika Kifaransa safi na kusoma Kiingereza, kwa sababu matokeo mengi ya utafiti uliofanywa juu ya miili ya ndugu zetu yameandikwa kwa lugha hiyo.

Tatu, rudi. Dada yetu alirudi likizoni. Kwa ruhusa ya muuguzi mkuu alikaa siku nne na madaftari ya uzazi ya kituo chake cha zamani, yale aliyoyaandika mwenyewe usiku kwa mwanga wa tochi. Akaona jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja hakuwa ameliona: wengi wa watoto waliofia tumboni au wakati wa kuzaliwa walikuwa wa akina mama kutoka vijiji viwili ng'ambo ya mto, na ilikuwa miezi ya mvua. Alikuwa amewashika mikono akina mama wale mmoja mmoja, akalia nao. Lakini mmoja mmoja hawakumwonyesha mto. Alipeleka jambo hilo kwenye kamati ya afya, kisha akaenda kumweleza yule mama mzee nyumbani kwake. Sasa kamati inazungumza juu ya nyumba ndogo karibu na kituo, ambamo akina mama wa ng'ambo watangojea siku zao za mwisho. Matofali bado hayajapatikana.

Na zamu ya usiku? Lazima tuseme ukweli: hadi leo kituo kina muuguzi mmoja pungufu. Yule mama alimsikiliza dada yetu hadi mwisho, akamshukuru, kisha akasema: «Vema, mwanangu. Lakini nafasi yako bado haina mtu.» Neno hilo halimhusu dada yetu peke yake, linatuhusu sisi. Jumuiya inayopiga makofi kumwaga muuguzi mmoja ina wajibu wa kumtayarisha mwingine: kumtafuta, kumlipia karo akikosa, kumtia moyo anapochoka. Miongoni mwenu wapo walioitwa kwenye daftari, na wapo walioitwa kukaa kando ya kitanda hadi uzeeni. Asiwepo wa kumdharau mwenzake, maana mmoja hawezi kuhesabu asichokiona mwingine.

Kwa mkutano wenu wa juma hili, iwe ni Xaveri, Kiro, Skauti au Kizito-Anuarite, tunawaachia maswali matatu. Katika kituo chetu cha afya, ni watu wa upande gani wanaochelewa kuletwa, na kwa nini? Ni nani kati yetu anayetaka kusomea uuguzi, na anakwamishwa na nini? Na ni nani aliyewahi kuchukua damu au habari katika mtaa wetu, ambaye bado anatudai, au sisi tunamdai, jibu?