Afya ya Jamaa: Tone la damu ya kisigino

Juma hili tunarudi kwenye swali lililobaki pale mvua ilipovunja mkutano wetu. Mwenzetu mmoja anayemeza dawa za SIDA, na aliyetukubalia kuandika haya bila jina, alimpeleka mtoto wake wa majuma sita kupimwa. Alitazamia kile kipimo cha haraka tunachokijua kule CPN: tone moja, unangoja kidogo, jibu. Lakini muuguzi alimchoma mtoto kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi nene, akaikausha, akasema jibu litafika baadaye. Mama alipanda Cimpunda akilia, akidhani anafichwa kitu.

Hakufichwa. Kipimo cha haraka hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili huwatuma kupigana navyo, na mama humpa mtoto askari hao tangu tumboni. Wanaweza kukaa katika damu yake hadi miezi 18. Hivyo mtoto mzima kabisa anaweza kuonekana mgonjwa. Ndiyo maana laboratwari hutafuta maandishi ya virusi vyenyewe.

Fikirieni likelemba yetu. ADN ni daftari kubwa linalokaa kwa mwandishi, halitoki nyumbani. ARN ni kikaratasi kinachonakiliwa humo na kupelekwa sokoni Kadutu. Maandishi hutoka daftarini kwenda kwenye kikaratasi. Virusi vya SIDA vinakuja na kikaratasi chao, tena na mwandishi wao, kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita transkriptasi inversi, yaani mwandishi wa kinyume. Huyo huchukua kikaratasi akakigeuza kuwa ukurasa wa daftari. Kisha mwenzake anaubandika ndani ya daftari letu, na chembe ya mwili inausoma kama deni lake yenyewe. Kwa sababu hiyo dawa hutuliza ugonjwa lakini hazing'oi ukurasa.

Mwandishi huyo aligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mtu kwake, katika virusi vya kuku na vya panya. Mwaka 1983, huko Paris, mwanamke mmoja, Françoise Barré-Sinoussi, pamoja na wenzake, walimwona akifanya kazi katika chembe za mgonjwa. Ndivyo virusi vya SIDA vilivyofumaniwa. (Tulipenda kujua kwamba ni mwanamke. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2008.)

Sasa adui amepewa kazi. Mashine ya laboratwari inajua kunakili kurasa za daftari tu, vikaratasi haivijui. Kwa hiyo wanatia kimeng'enya hicho ndani ya kichupa, kinageuza ARN kuwa ADN, halafu mashine inazidisha: moja, mbili, nne, nane, na ikirudia mara 30 inapita bilioni. Hata virusi vichache katika tone lile vinaonekana. Mwezi wa nane 2019, Ebola ilipofika kwetu Kivu ya Kusini, kule Mwenga, ilitambuliwa kwa njia hiyohiyo.

Nayo dawa? Katika kidonge kile kimoja cha kila siku, dawa mbili kati ya tatu, tenofoviri na lamivudini, zinamziba mkono mwandishi huyo. Nevirapini ya maji anayopewa mtoto inafanya vilevile. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama zao. Dawa zikimezwa vizuri, hawafiki watano. Kwa hiyo mwenzetu asiache kidonge, wala asiache kunyonyesha kwa hofu ya jirani: maziwa yake peke yake hadi miezi sita, bila uji wala maji.

Jumanne tunashuka naye kuuliza jibu. Anayeweza kubaki na wale wakubwa wawili asubuhi hiyo atuambie Jumapili.