Chuo kikikukataa, dai sababu

Wiki kadhaa sijaandika lolote hapa, kazi ilinibana. Leo nimerudi na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Nilikuwa nimeahidi makala juu ya hifadhidata, na kwa njia fulani hii ndiyo yenyewe.

Binti ya dada yangu alimaliza kidato cha nne akapata B. Akaomba nafasi ya kusomea stashahada ya programu za tarakilishi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Masharti ya kozi yalitaka C. Alijaza fomu kwenye tovuti, akapakia nyaraka zake, mamake akalipa ada ya maombi kwa M-Pesa, na tovuti ikamwandikia kwa rangi ya kijani kwamba ombi limepokelewa. Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa akaletewa barua pepe: "Tunasikitika kukujulisha kwamba ombi lako halikufaulu." Mstari mmoja, bila jina la mtu wala nambari ya simu.

Akanipa simu nisome. "Mjomba, wewe ni mtu wa tarakilishi. Hii inamaanisha nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini watu wengine walikuwa nayo tele. Mamake alisema Mungu ana mpango wake. Jirani akasema nafasi zimeuzwa. Binamu mmoja akahesabu majina ya ukoo na kutoa hukumu ya kikabila hapo hapo mezani. Mwenyewe msichana alishasadiki kwamba tatizo ni yeye: pengine C+ ya Hisabati, pengine insha ya kujieleza ilikuwa ya kitoto. Alianza kusema kwamba labda kompyuta si za watu kama yeye. Wiki nzima hakula vizuri.

Hilo ndilo linaloniudhi. Kukataliwa kunauma, lakini watu hukataliwa kila siku na kuendelea na maisha. Kukataliwa bila sababu ni jambo lingine, kwa sababu kunamwachia kijana kazi ya kujibunia makosa yake mwenyewe. Na kijana wa miaka 18 akiachiwa kazi hiyo, huifanya kwa bidii sana.

Sisi tunaoandika programu tunajua aibu ya jambo hili. Ukiandika programu inayokataa kazi ya mtumiaji kisha ikanyamaza, wenzako watakucheka. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa: ukikataa, sema umekataa nini, na kwa nini. "Nywila ni fupi mno." "Faili ni kubwa mno." Mashine ya kutolea pesa hukuambia kwamba salio halitoshi. Iweje mashine ya benki imheshimu mtu kuliko ofisi ya usajili?

Kuuliza si ujinga, kwa hivyo tukauliza. Barua pepe ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Siku ya tisa nikapiga simu ya mapokezi nikahamishwa mara tatu, mpaka nikampata karani mmoja mpole. Alitaka nambari ya ombi. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, halafu akasema, "Imeandikwa hapa: nyaraka hazijakamilika, kitambulisho."

Imeandikwa hapa! Ilikuwa imeandikwa hapo tangu siku ombi lilipokataliwa. Nilifungua ile fomu nikaijaribu mwenyewe kwa picha mbili za paka. Ilikuwa na nafasi moja ya kitambulisho, na ukipakia picha ya pili, ya kwanza inafutwa kimya kimya. Msichana alipakia upande wa mbele, kisha wa nyuma, kama mtu yeyote mwenye akili. Chuo kikabaki na upande wa nyuma tu. Hisabati haikuhusika, wala insha, wala jina la ukoo.

Tulipogundua hayo, muhula ulikuwa umeshaanza na nafasi zimejaa.

Nimewaeleza watu kadhaa kisa hiki, na visingizio vinavyotolewa kwa niaba ya vyuo ni vitatu.

Cha kwanza, waombaji ni wengi mno. Sawa, lakini hakuna aliyeomba barua ya kurasa tano. Sababu tayari imo kwenye hifadhidata, na barua pepe tayari inatumwa na programu. Kuongeza sehemu moja kwenye barua hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nimeifanya mara nyingi, najua.

Cha pili, wakipewa sababu watabishana. Wabishane! Kama sababu ni ya haki, itasimama. Kama haiwezi kusimama mbele ya msichana wa kidato cha nne, haikustahili kutumika.

Cha tatu, sababu huumiza. Hiki ndicho chenye uzito kidogo, lakini hebu tazameni udahili wa serikali. KUCCPS, iliyoanzishwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya JAB, huonyesha alama za mtu wa mwisho kuingia katika kozi kwa miaka iliyopita. Na kanuni ambayo walimu na wanafunzi hutumia kukadiria alama za klasta inajulikana: chukua masomo manne ya kozi juu ya 48, zidisha kwa jumla ya masomo saba juu ya 84, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mwenye 36 na 70 anapata takriban 37.9. Kama wa mwisho aliingia na 39, anajua amepungukiwa na kiasi gani, na anaweza kutafuta kozi inayomfaa. Inauma, lakini maumivu yenye tarakimu yana mwisho.

Tena njia ikiwa wazi, makosa yake huonekana. Uingereza mwaka 2020 mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, na alama za kuingilia chuo kikuu zikakokotolewa kwa kanuni ya tarakilishi. Huko England karibu asilimia 40 ya alama zilizokadiriwa na walimu zilishushwa. Matokeo yalitoka Agosti 13. Kwa kuwa kanuni ilichapishwa, watu waliona jinsi historia ya shule ilivyomwadhibu mwanafunzi hodari wa shule dhaifu. Vijana wakaingia barabarani, na Agosti 17 serikali ikaiacha kanuni hiyo. Siku nne tu.

Hapa kwetu sheria tunayo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika kulinda haki fulani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kutoa uamuzi juu ya ombi la habari. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuona data zako, na kama uamuzi mzito umefanywa na mashine peke yake, unaweza kudai uangaliwe upya na binadamu.

Kwa hivyo kijana, ukikataliwa, lia siku mbili. Ya tatu keti uandike:

1. Ombi langu lilikataliwa kwa sababu gani hasa?
2. Ni nyaraka na alama zipi mlizo nazo kwa jina langu?
3. Uamuzi ulifanywa na mtu au na programu, na rufaa hupelekwa kwa nani?

Weka tarehe, hifadhi nakala, na ukinyamaziwa piga simu. Huenda sababu ikawa ya kweli na chungu. Angalau utajua cha kurekebisha, na utaacha kujilaumu kwa jambo ambalo hata hukulifanya.

Binti ya dada ameomba upya kwa muhula ujao. Safari hii ameweka pande zote mbili za kitambulisho katika faili moja. Nami nimekiandikia chuo kile maelezo ya hitilafu, hatua kwa hatua, pamoja na namna ya kuirekebisha, bila malipo. Mpaka leo hawajajibu, na fomu bado inakula picha ya kwanza.