"NI MNYAMA TU"? HAPANA MAMA, HAPO TUTAGOMBANA

1. Mama mwenzangu, leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mbwa amefungwa mdomo kwa kamba, watoto wamemshika miguu, jamaa wa mtaani anamhasi kwa wembe bila dawa. Hiyo siyo operesheni. Ni mateso, na watoto wako wamefanywa wasaidizi.

2. Mnaniambia "ni mnyama tu, atasahau." Ana mishipa ya fahamu kama wewe! Wewe ungekubali kufanyiwa operesheni ya uzazi kwa kushikwa tu mikono na miguu? Na dawa ipo. Ketamini tunayowachoma binadamu hospitalini, hata watoto, ndiyo hiyo hiyo daktari wa mifugo anamchoma paka wako.

3. "Wazee walifanya hivyo." Kuna waliokata vitovu kwa wembe uliokwishatumika pia. Leo utamruhusu nani?

4. "Gharama." Hapo nakuelewa, maisha magumu. Lakini kuhasi siyo dharura. Subiri, changa kidogo kidogo. Kidonda kikioza utalipa mara mbili. Na muulize huyo mtu usajili wake. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Veterinari ya 2003 na Baraza la Veterinari linalosajili madaktari. Tuna pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Siyo mambo ya Wazungu.

5. Daktari akikuruhusu kuangalia, usisimame tu kama mgeni wa harusi. Uliza kabla: analala kwa dawa gani? Vifaa vimetakaswa? Nani anaangalia pumzi yake? Atapewa dawa gani ya maumivu akiamka? Ukiona paka kalala macho wazi, usipige kelele, ketamini ndivyo ilivyo. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini. Usishike kitu.

6. Mkirudi nyumbani, parasetamo ya mtoto USIMPE paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa ni ile aliyoandika daktari wake, basi.

7. Mwisho, watoto. Mtoto akikuuliza, "Mama, mbona analia?", usimjibu "nyamaza, shika vizuri." Huyo mtoto yuko sahihi kuliko watu wazima wote waliosimama hapo. Ukimfundisha leo kupuuza kilio, kesho atapuuza cha mdogo wake.

Mtumie jirani mwenye mbwa. Akinuna, mwambie nesi ndiye kasema.