HIPNOZI HAIKO ULOZI



Siku hizi neno moja linatembea mu kalasi na mu internati: hipnozi. Feza ya mtu ikipotea ku soko, tunasikia: « Mwizi alimuangalia mu macho, akamulaza. » Msichana akipenda kijana ambaye wenzake hawamutaki: « Alimupiga hipnozi. » Halafu mwanafunzi mwenye macho makali anaanza kukimbiwa na wenzake. Sisi tunaona kama maneno haya yamepita mchezo, juu yanaharibu jina la mtu.

Tuanze na jina lenyewe. Limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. James Braid, munganga Mskoti aliyetumika Manchester, alilieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1843. Lakini baadaye yeye mwenyewe aliona jina halifai, kwa maana mtu wa hipnozi halali. Anasikia, anaweza kujibu, na mara nyingi anakumbuka yote. Amekaza tu mawazo pahali pamoja mpaka mengine yanakuwa mbali, sawa vile wewe unasoma hadisi tamu na husikii kengele.

Wengine wanasema nguvu iko mu macho ya yule anayefanya. Hiyo nayo iko mawazo ya zamani. Mbele ya Braid, munganga Mesmer alifundisha mu Paris kwamba kuna nguvu isiyoonekana inayopita kati ya watu. Mwaka 1784 mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliweka wataalamu wachunguze, Benjamin Franklin na Lavoisier wakiwa kati yao. Wakafunga wagonjwa macho. Aliyedhani amepewa ile nguvu alitetemeka, hata kama hakupewa kitu. Aliyepewa pasipo kujua hakusikia kitu. Kumbe kazi yote ilifanywa na mawazo ya mgonjwa mwenyewe!

Hatusemi hipnozi ni uongo. Mu Ubelgiji, ku hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège, tangu mwaka 1992 waganga wanaitumia pamoja na dawa kidogo za kutuliza na za kuzuia maumivu wakati wa kupasua watu, kwa mfano wenye uvimbe wa shingo. Mgonjwa anabaki macho. Lakini anaulizwa kwanza, naye anakubali. Asipokubali, analazwa kwa dawa kama kawaida. Hapo munaona: pasipo mapenzi ya mtu, kazi haiendelei.

Basi yule wa soko alifanywa nini? Alidanganywa. Alipewa maneno matamu, haraka nyingi, na tumaini la faida ya bure. Tuite jambo kwa jina lake, ndipo tutajua kujilinda.

Tunaomba mambo mawili. Aliyekosa asijifiche nyuma ya hipnozi mbele ya prefe. Na mtu asimushitaki mwenzake juu ya macho yake, kwa sababu amri ya tisa inakataza kushuhudia uongo, na wengine wamefukuzwa kwao kwa neno kama hilo tu.

Mwenye mawazo mengine aandike. Tutayapiga katika gazeti linalofuata.