Ushauri wa kazi usimsahau anayetaka kujiajiri

Mwaka uliopita nilialikwa katika shule moja ya wasichana kuzungumza siku ya kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi. Tulikuwa wageni wanne: daktari, wakili, mhandisi na mimi. Msichana mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, mimi nataka kushona sare za shule na kuziuza. Nisome nini?" Ukumbi uliangua kicheko. Nami, badala ya kumjibu, nilimwambia apite mtihani kwanza, mengine yangefuata. Akaketi. Aibu ya jibu lile ningali nayo.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nimekuwa nikiyatafakari maneno yetu. Kijana "ameajiriwa", "ameandikwa", "amechukuliwa" na kampuni. Vitenzi hivyo vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Mhusika hungoja mwingine amtende. Lakini mwenye kibanda cha viatu Gikomba, hata akiwa analisha na kusomesha watoto watano, jamaa zake husema "bado anatafuta kazi".

Si kwamba ukweli umefichika. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilichapisha ripoti kuhusu Kenya mwaka wa 1972 likionyesha kwamba watu hawa wa biashara ndogondogo si wazembe bali ni nguzo ya uchumi. Takwimu za KNBS za miaka ya karibuni nazo hubainisha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukiondoa kilimo kidogo, imo katika sekta ya jua kali. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 uliahidi kumwandaa mwanafunzi ajitegemee. Baadaye masomo ya ufundi yakapunguzwa. Sasa kundi la kwanza la elimu ya umilisi limeingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na wanafunzi wamechagua mikondo. Je, nani aliyewashauri wale wanaotaka kufungua karakana?

Fedha zimetolewa, tusikatae. Tuna Hazina ya Vijana tangu 2006, ya Uwezo tangu 2013 na ya Hasla tangu 2022. Lakini aghalabu kijana hupokea mkopo kabla hajafunzwa kutenganisha mtaji na faida, akanunua simu kwa fedha za kitambaa, kisha tukamwita mvivu.

Ningalikuwa mshauri wa kweli, ningalimuuliza msichana yule maswali. Sketi moja hula mita ngapi za kitambaa, na Eastleigh kitambaa hicho ni bei gani? Wazazi wengi hununua sare Januari. Miezi mingine utaishi kwa nini? Shule ikichukua sare kwa mkopo isilipe hadi muhula wa tatu, utafanyaje? Ningalimwelekeza kwenye somo la biashara, kwenye chuo cha kiufundi, kwenye ofisi ya kaunti inakotolewa leseni, na zaidi ya yote kwa fundi wa mtaani akakae naye likizo nzima. Huenda baada ya likizo hiyo angalibadili nia. Hilo nalo lingalikuwa faida, kwani kumwambia kijana kwamba hesabu zake hazitoshi ni sehemu ya ushauri, ingawa wahubiri wa ujasiriamali hawapendi kulitaja.

Simlaumu mwalimu wa ushauri. Ana vipindi vyake vya kufundisha, na wanafunzi huwaona wakati wa mapumziko, chai ikimpoea mezani. Isitoshe, yeye ameajiriwa maisha yake yote, kama mimi. Hatuwezi kufundisha tusilolijua. Tunaweza tu kuwaalika wanaolijua, na kuwapa kiti cha mbele wanapofika.

Nimemwandikia mwalimu mkuu wa shule ile nikiomba fundi cherehani aalikwe mwaka huu. Ikiwa nafasi za wageni ni nne tu, nimemwambia ampe fundi nafasi yangu.