Mkao wa Upanga Si Sanamu

Nilipata kumwuliza mwanafunzi mmoja, mbele ya mchoro wa pendulamu ubaoni, pendulamu ile ilikuwa ikielekea upande gani. Akanijibu kwamba haiendi popote, kwani imechorwa imesimama. Tangu siku hiyo huwapa wanafunzi wangu mfano wa mbali kidogo: kitabu cha Mwitalia Fiore dei Liberi kiitwacho Fior di Battaglia, cha mnamo mwaka 1410, alichomtungia Niccolò III wa Este, mtawala wa Ferrara.

Kwa upanga mrefu ushikwao kwa mikono miwili, Fiore alichora mikao 12. Majina yake ni matamu: Mkao wa Bibi, Dirisha, Lango la Chuma, Mkia Mrefu, Jino la Nguruwe Mwitu. Utamu huo ndio utupotezao. Kuyakariri ni kazi ya jioni moja, na aliyeyakariri bado hajajua kitu, maana hajauliza upanga umetoka wapi wala unakwenda wapi.

Tuutazame Mkao wa Bibi. Upanga umelazwa nyuma ya bega, na asiyejua humwona mtu aliyejiacha wazi. Hasha! Upanga wa namna hiyo aghalabu hauzidi kilo 1.6, pigo lake hupata nguvu kwa kasi kuliko kwa uzito, na kasi yahitaji njia ndefu ya kukua. Mikono nayo hufanya kazi ya wenzo: mmoja husukuma, wa pili huvuta mwisho wa mpini, na ncha huruka kwa mwendo ambao mikono yenyewe haina. Pigo likishuka hupitia Mkao Mrefu, mikono ikiwa imenyoshwa mbele, kisha hukoma chini katika Jino la Nguruwe Mwitu. Kutoka hapo upanga hupanda kuelekea uso wa adui, kama nguruwe achomaye kwa meno yake, kisha hurudi chini. Picha ni tatu, mwendo ni mmoja.

Fiore mwenyewe aliigawa mikao hiyo kwa tabia: mingine imara, mingine isiyotulia, mingine ya kupiga. Mkao wa Bibi ni wa kupiga, Dirisha halitulii. Wala hakuna mkao usio na gharama. Njia ndefu huzaa nguvu lakini hula wakati, na adui ambaye ncha yake imekwisha kutangulia mbele aweza kufika kwanza, japo kwa pigo hafifu. Kwa hiyo achaguaye mkao huwa anapima masafa, wakati na nguvu, hata kama hakupata kusikia neno fizikia.

Katika kitabu hicho kuna pia mchoro wa mtu aliyezungukwa na wanyama wanne. Tembo aliyebeba mnara yuko chini ya miguu yake. Simba mwenye moyo na chui-milia mwenye mshale wako ubavuni. Juu ya kichwa yuko linksi, mnyama wa jamii ya paka, naye ameshika bikari.