Upana Unauzwa kwa Dola

Mtoto wa Kitanzania akipangiwa kombi (tahasusi) ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kidato cha tano huagana na fasihi ya Kiswahili. Kombi yake haina nafasi. Kule Moshi, mwenzake anayesomea diploma ya kimataifa ya IB anaweza kuchukua baiolojia, kemia na hisabati, na bado akachambua riwaya za Kiswahili hadi mtihani wa mwisho. Mfumo uliozaliwa Geneva mwaka 1968 unamwachia Mswahili lugha yake. Wetu wenyewe unampokonya. Kisha kila Julai 7 tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani na kucheza ngoma!

Diploma hiyo haina uchawi. Ni masomo sita: lugha mbili, masomo ya jamii, sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au jingine atakalopenda. Juu yake kuna insha ya hadi maneno 4,000 kuhusu swali alilolibuni mwanafunzi mwenyewe, na somo linalomuuliza anajuaje kwamba anachokijua ni kweli. Alama zote ni 45. Lakini asiyekamilisha ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii hapewi diploma, hata awe kichwa namna gani.

Huduma kwa jamii! Hilo si tulilisema sisi? Machi 1967, mwaka mmoja kabla ya hao wa Geneva, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akaikemea shule inayomtenga kijana na watu wake na kuabudu mitihani. Azimio la Musoma la 1974 likataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Leo kimebaki nini? Fyekeo mkononi mwa mchelewaji, saa moja asubuhi, mwalimu wa zamu amemsimamia. Kazi tumeigeuza adhabu, na lile wazo tunauziwa kwa ada ya maelfu ya dola kwa mwaka. Ufadhili upo, ndiyo, kwa wachache wenye bahati.

Machi 2024 Serikali ikatangaza kwamba tahasusi zimeongezeka kutoka 16 hadi 65. Watu wakapiga makofi. Makofi ya nini, wakati kijana bado anapewa kichochoro kimoja, masomo makuu matatu, na kuambiwa asigeuke nyuma? Atameza notsi, atakokotoa maswali ya miaka kumi iliyopita, atapata daraja la kwanza. Mpe ukurasa mweupe aandike anachofikiri kuhusu maji ya kijijini kwao, uone jasho litakavyomtoka.

Nitaambiwa hatuna fedha. Za maabara, nakubali, ni tatizo la kweli. Lakini insha inahitaji maabara gani? Mwanafunzi wa fizikia akisoma riwaya, umeme wa shule unakatika? Kinachokosekana ni nia, na wenye mamlaka ya kubadilisha hawasukumwi na lolote, maana mwenye dola tayari ameshamnunulia mwanawe upana.

Wizara ianze na hili: kila mwanafunzi wa kidato cha tano, awe wa sayansi (PCM) au wa sanaa (HGL), asome riwaya mbili za Kiswahili kwa mwaka na aandike insha moja ndefu kuhusu swali lake mwenyewe. Vitabu vipo. Walimu wa Kiswahili nao wapo, wengine wako mtaani na vyeti vyao, wanasubiri ajira.